Mtindi wa Stroberi Ndani ya Rejeta

Pale Ilula nilipewa jibu kabla sijauliza swali. Boneti ilikuwa bado inafuka mvuke wakati dereva wa bodaboda aliposimama, akachungulia, akasema, "Gasketi hiyo, mama." Kijana wa nyanya akaweka ndoo yake chini, naye akasema gasketi. Fundi aliyeitwa kutoka ng'ambo ya barabara alifika akijifuta mikono kwa tambara, na hata kuinama hakuinama: "Gasketi ya hedi imekwenda. Leo tunashusha hedi, kesho inakwenda Iringa mashineni kusawazishwa, keshokutwa unaendelea na safari." Laki nne na nusu, gasketi yenyewe ninunue mimi. Kwenye grupu la familia nilituma picha moja tu, na shemeji yangu aliyeko Mwanza, ambaye gari hilo hajaliona tangu harusi yetu, akaandika: "Shem, gasketi hiyo. Pole sana."

Gasketi ya hedi ni kile kibamba chembamba kinachobanwa kati ya bloku ya injini na hedi, yaani kipande cha juu kinachoifunika; ikifa, gesi, oili na maji vinaweza kupenyeana. Sasa mimi si fundi. Ni mhasibu, na kazi ya uhasibu imenipa ugonjwa mmoja: watu wanne wakinipa jibu lile lile bila hata mmoja kufungua vitabu, naanza kushuku. Nilikuwa nimeshafungua kifuniko cha tangi dogo la akiba, lile la plastiki, na nilichokiona mle hakikuwa maji. Kilikuwa kitu kizito, cha waridi, kinang'aa juu, mfano wa ule mtindi wa stroberi wa vikopo ambao mwanangu huulilia kila tukipita dukani. Nikavuta dipstiki ya oili ya injini. Safi. Ya kahawia, nyembamba, hakuna povu, hakuna utelezi wa ajabu. Nikajiuliza jambo la kitoto kabisa: oili ya injini yangu haijawahi kuwa ya waridi hata siku moja, huu uwaridi umetoka wapi?

Swali hilo ndilo lililonifanya nimkatalie yule fundi, kwa adabu, nikiwa sina jibu mbadala.

Gari lenyewe ni Corolla 110 la mwaka 1998, injini 5A-FE, gia za otomatiki. Mimi ni mmiliki wa tatu hapa nchini. Ni gari ambalo kila gereji Tanzania inalijua, na labda hiyo ndiyo shida yake: fundi akiliona anaona magari mia moja aliyowahi kuyatengeneza, hili lililo mbele yake halioni.

Tulitoka Dar alfajiri, mimi, mwanangu na mizigo ya Krismasi, tunakwenda kwa mama mkwe Iringa. Chalinze, Morogoro, mbuga ya Mikumi, mshale wa temperecha umekaa katikati kama umepigwa msumari. Ruaha Mbuyuni tukasimama kununua vitunguu, joto la pale linajulikana. Kisha mlima wa Kitonga. Aliyewahi kupanda Kitonga mwezi wa Desemba anajua: unaingia nyuma ya foleni ya malori yanayokwenda Zambia, kona juu ya kona, mwendo wa kilomita 15 au 20 kwa saa, na pa kupitia hakuna. Kona ya tatu au ya nne mshale ukaanza kupanda. Nikafanya nilichofundishwa na kila mtu, nikazima kiyoyozi ili injini ipumue. Mshale ukapanda haraka zaidi. Nikafungua hita hadi mwisho, madirisha chini, mtoto analalamika anaungua, na kweli mshale ukatulia kidogo. Halafu, karibu tunafika juu, ukashuka wenyewe ghafla hadi chini kabisa, kwenye baridi.

Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Ningejua, ningelia. Sensa ya temperecha hupima joto la maji, na maji yakishapungua hadi sensa ikabaki kwenye mvuke na hewa, mshale unaweza kulala kana kwamba injini imewashwa sasa hivi. Mshale unaoshuka kwa mpigo katikati ya mlima, baada ya gari kuchemsha, si habari njema hata kidogo. Nilichokipata mimi ni bahati tu, kwamba Ilula haikuwa mbali na nilizima injini mara tu nilipopata pa kuegesha.

Niliita brekdauni. Nilisisitiza wanyanyue magurudumu ya mbele, kwa sababu gari la otomatiki linaloendeshwa na magurudumu ya mbele ukilikokota matairi yakiwa chini na injini imezimwa, gia boksi inazunguka bila pampu yake kuipa mafuta. Yule kijana wa brekdauni alinitazama kama ninayemfundisha kazi, lakini alinyanyua.

Gereji niliyopelekwa iko Ipogolo, chini pale unapoanza kupanda kwenda Iringa mjini. Mwenyewe ni mzee mwembamba wa kofia ya sufu, na jua lote lile. Nikamwamkia, "Kamwene, mzee," Kihehe changu chote kikaishia hapo, akacheka, akaniitikia, akaniuliza habari za safari, za mtoto, za Dar. Ndipo akauliza gari. Na hakuuliza "imefanyaje", aliuliza: "Ilianza kuchemsha ikiwa inakimbia au ikiwa inatambaa, mwanangu?"

Hakuna aliyekuwa ameniuliza hilo. Gari likiwa linakimbia kilomita 80 kwa saa barabara ya tambarare, upepo unaopita mbele unatosha kupoza rejeta, feni hata isipofanya kazi hutajua. Likitambaa nyuma ya lori, upepo hakuna, kila kitu kinategemea feni. Kwa hiyo linalochemsha kwenye foleni na mlimani tu, anza na feni. Linalochemsha ukiwa kasi barabara kuu ilhali mjini halina neno, hapo fikiria rejeta iliyoziba, mpira wa chini unaojikunja kwa kuvutwa na pampu, au pampu ya maji yenyewe. Na linalochemsha dakika chache tu baada ya kuwashwa, popote lilipo, mpira wa juu ukiwa mgumu kama jiwe injini haijapata hata moto, hapo ndipo gasketi inaanza kustahili kutajwa.

Akachomoa plagi ya swichi ya feni, ile inayohisi joto la maji, akaniambia niwashe swichi ya gari bila kuwasha injini. Kwenye Toyota nyingi za umri ule swichi hiyo hufanya kazi kinyume na unavyodhani: ikiwa imechomolewa, feni inatakiwa izunguke yenyewe. Haikuzunguka. Akachukua nyaya mbili, akaigusisha feni moja kwa moja kwenye betri, ikavuma vizuri. Basi mota nzima. Akafungua kisanduku cha rilei, zile swichi ndogo zinazopitisha umeme wa kuwashia vitu kama feni, akatoa moja, akanionyesha: mguu mmoja umeungua, mweusi, plastiki imeyeyuka kidogo pembeni.

Hapo nikaelewa kioja changu cha Kitonga. Corolla hii ina feni mbili, moja ya rejeta na nyingine ya kiyoyozi. Ya rejeta ilikuwa imekufa, pengine tangu miezi, na mimi Dar naendesha na kiyoyozi muda wote, kwa hiyo feni ya kiyoyozi ndiyo iliyokuwa inabeba kazi ya zote mbili. Nilipozima kiyoyozi mlimani ili kuisaidia injini, nilizima feni pekee iliyokuwa hai.

Lakini rilei haitii rangi maji. Huo ndio mtego wenyewe: gari kuukuu likikuharibikia lina kawaida ya kukuletea maradhi mawili kwa siku moja, na mtu anatafuta jina moja la kuyaita yote. Gasketi ni jina zuri kwa kazi hiyo. Inaeleza kuchemsha, inaeleza uchafu kwenye maji, inaeleza kila kitu.

Mzee akachukua bomba la sindano lisilo na sindano, akanyonya kile kitindi kutoka mdomo wa rejeta, akakitia kwenye chupa tupu ya maji ya kunywa, akaiweka dirishani. "Hii tuiache ilale." Tone moja akaliangushia kwenye karatasi ya daftari. Tukasubiri. Unyevu ukasambaa taratibu, na pembeni yake ukabaki mduara mwekundu wa mafuta, mwekundu safi. Akanusa kidole, akaninusisha na mimi. Ile harufu niliijua, ni ya haidroliki, mafuta ya gia boksi ya otomatiki. Oili ya injini ikichanganyika na maji hutoa rangi ya chai ya maziwa, nzito, inaganda chini ya kifuniko cha oili. Kutu peke yake hufanya maji ya matofali, lakini hayatelezi. Mwenye kulanti nyekundu, yaani kimiminika maalumu cha kupozea kinachotiwa kwenye rejeta, anaweza kudanganyika na rangi, mimi sikuwa na kulanti ya rangi yoyote, jambo ambalo nitaliungama baadaye.

Akavuta dipstiki ya gia boksi. Waridi vilevile. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Ndani ya rejeta ya gari la otomatiki, kwenye tangi lake la chini, kuna bomba fupi lililozama kwenye maji. Mafuta ya gia boksi yanakuja kwa mpira mmoja, yanapita humo yakipozwa, yanarudi kwa mpira mwingine. Maji na mafuta yanapishana sentimita chache, yametenganishwa na ukuta mwembamba. Ukuta ukitoboka, injini inapozunguka mafuta yana presha kubwa kuliko maji, kwa hiyo yanasukumwa kuingia kwenye rejeta. Ukizima, pampu ya gia boksi inasimama lakini rejeta bado ni ya moto na ina presha, na sasa maji ndiyo yanasukumwa upande wa pili. Yaani zile dakika arobaini nilizosimama Ilula nikikataa kushushiwa hedi, maji yalikuwa yanaendelea kuingia gia boksi kimyakimya.

Na mlimani ndipo ukuta huo unapopata taabu kuliko popote. Otomatiki ikipanda taratibu na mzigo, konveta, kile chombo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye gia kwa kutumia mafuta, inayakoroga bila kupumzika, joto linapanda, na maji yanayotakiwa kuyapoza nayo yanakaribia kuchemka.

Uthibitisho ulinifurahisha kama mtoto. Mzee alichomoa ile mipira miwili ya mafuta chini ya rejeta, tundu moja akaliziba kwa kidole gumba cha kijana wake, kwenye tundu la pili akafunga kipande cha mpira, na kwenye mpira akachomeka pampu ya baiskeli. Rejeta ikajazwa maji safi mpaka mdomoni. "Chungulia," akaniambia. Akapiga pampu mara moja, mbili. Mara ya tatu mapovu madogo, mekundu pembeni, yakapanda kutoka chini na kupasuka mbele ya pua yangu. Pampu ya baiskeli ya elfu chache ikamaliza ubishi wa laki nne na nusu.

Hata hivyo hakuisamehe gasketi bila kuihoji. Gari lilishachemsha, na injini hii ina bloku ya chuma na hedi ya aluminiamu, na aluminiamu hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo kila likichemsha gasketi iliyo katikati inavutwa huku na huku. Inawezekana kabisa bomba likawa limetoboka na gasketi nayo imekufa. Aliunganisha ile mipira miwili kwa kipande cha hozi ili mafuta yazunguke bila kupita kwenye rejeta, akapunguza maji kidogo mdomoni, akauvisha mdomo wa rejeta glovu ya daktari, akaufunga kwa raba, akabana kimpira cha kwenda kwenye tangi la akiba. Injini ya baridi ikawashwa. Gasketi ikiwa inavuja, gesi ya silinda inaingia kwenye maji na glovu inaanza kuinuka mapema, ikipigapiga kama mkono unaoaga. Kuna dawa ya buluu inayogeuka manjano ikikutana na gesi ya ekzosi, gereji zenye uwezo wanayo, yeye ana glovu. Tulikaa tukiitazama. Mkono ukabaki umelegea, vidole chini. Akachomoa plagi nne za injini, akapima kompresheni, yaani presha ya mgandamizo, silinda moja baada ya nyingine; zote zilikaribiana. Hedi ikabaki mahali pake.

Asubuhi chupa ya dirishani ilikuwa imejigawa: chini maji machafu, juu kidole kimoja cha mafuta mekundu.

Sasa ungamo. Mzee alipoikata ile rejeta ya zamani tangi la chini, alinionyesha lile bomba: limeliwa, lina vidonda vyeupe na kijani, na tundu lenyewe si kubwa kuliko kichwa cha pini. Akauliza, "Maji unaweka ya wapi?" Nikamwambia ya kisima, nyumbani. Kisima chetu Dar ni cha chumvi, hata sabuni haitoi povu, na mimi kwa miaka minne nimekuwa nikijaza rejeta kwa jagi la maji hayohayo, kwa sababu kulanti naiona ghali na kwa sababu "huku si Ulaya, hakuna barafu". Kumbe kuzuia kuganda ni kazi moja tu ya kulanti. Nyingine, ambayo ndiyo inayotuhusu sisi, ni dawa ya kuzuia kutu iliyomo ndani yake, na kupandisha kiwango cha kuchemka. Kifuniko cha rejeta nacho kinasaidia hapo: kile kilichoandikwa 0.9 kinabana maji kwa presha ya bar 0.9 hivi juu ya ile ya hewa na kuyafanya yasichemke mpaka karibu nyuzi 119 ukiwa pwani. Iringa, zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, maji ya chai yasiyofunikwa huchemka kwenye 95 hivi. Kifuniko kilicholegea raba yake, ukipanda nacho mlima, umejipunguzia nyuzi zote hizo. Changu raba yake ilikuwa imepasuka. Bei yake sitaki kuitaja.

Na themostati, ile vali inayofunguka kwa joto kuruhusu maji ya rejeta yapite. Haikuwepo. Miaka miwili nyuma fundi mmoja Dar aliitoa, akanikabidhi mkononi kama anayenitolea jino bovu: nchi ya joto haihitaji. Niliamini, na nadhani nusu ya wasomaji wangu mnaendesha hivyo sasa hivi. Kwenye injini hii themostati ina kazi mbili. Ikifunguka kuruhusu maji ya rejeta, kisahani chake cha nyuma kinaziba njia ya mkato ambayo maji ya moto huitumia kurudi kwenye injini bila kupozwa. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote, na sehemu ya maji ya moto inazunguka humo humo bila kuiona rejeta. Kwenye baridi injini inachelewa kupata moto na inakunywa petroli. Kwenye mlima inapungukiwa na upoaji. Hasara pande zote mbili.

Nilinunua mpya, imepigwa muhuri wa 82, yaani nyuzi za kuanza kufunguka, na kwa agizo la mzee nikaipima kabla ya kufungwa, jikoni kwa mama mkwe. Mama hakukubali sufuria yake yoyote iguswe na kitu cha gari. Tukapata kopo la maziwa, tukaining'iniza kwa uzi ili isiguse chini, tukatia jiko la mkaa. Tulikaa watatu, bibi, mjukuu na mimi, tukichungulia kopo. Ilipoanza kuachama, mtoto akapiga kelele kama ameona samaki.

Rejeta ya mtumba ilitumwa kwa basi kutoka mtaa wa Gerezani, Dar, ikafika siku ya pili. Mipira yote ya maji ikatupwa, maana mafuta huvimbisha raba. Wa chini ulikuwa umelainika kama ndizi iliyopitiliza kuiva. Kazi ndefu ilikuwa kuosha. Maji na sabuni kidogo ya vyombo, washa mpaka themostati ifunguke na hita iwe ya moto, acha ipoe, mwaga, rudia. Nilihesabu mara saba kabla ya maji kwenye ndoo kuacha kung'aa upinde wa mvua. Ya kwanza kwanza tulitia kwenye pipa, na mzee alikuwa mkali mno kuhusu pipa hilo lifunikwe. Kulanti nyingi ni sumu yenye utamu, aliwahi kupoteza mbuzi.

Gia boksi ndiyo inayoninyima usingizi. Ukifungua nati ya chini zinatoka lita tatu hivi, wakati yote inabeba zaidi ya mara mbili ya hizo, kwa hiyo kumwaga mara moja ni kuongeza tu mafuta masafi kwenye uchafu. Tulimwaga na kujaza mara nne, tukibadilisha na filta yake. Zile sahani za klachi zilizomo ndani zimegundishwa kwa gundi, na maji yakikaa humo yanaila gundi taratibu. Mzee hakunipa ahadi. "Umezima mapema," alisema, "lakini imeyanywa."

Kurudi Dar tulishuka Kitonga bila neno, mshale katikati, feni zote mbili naziona zikiwaka na kuzima tuliposimama Mbuyuni. Huu ni mwezi wa tano tangu hapo. Maji ya rejeta yako wazi, ya kijani, nayatazama kila Jumamosi kabla injini haijawashwa. Ila asubuhi, gari likiwa la baridi, kuna kusita kidogo kabla ya gia ya tatu, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kujibu. Wiki iliyopita nilimpigia mzee kumweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, akakaa kimya, nikasikia nyundo nyuma yake.

"Na maji," akauliza, "sasa hivi unaweka ya wapi?"